Mkalimani wa Jumapili Moja

Jumatatu, 3 Februari

Nimemaliza makochi mawili kabla ya saa sita. Joto la kuchoma. Mtaa mzima wa Gudele hakuna fundi wa makochi wa kunifikia. Si majivuno, ni ukweli. Kuna kanali alikalia kochi langu akalala siku mbili, askari wake wakaanza kuchimba kaburi.

Kiarabu: maneno kumi mapya kwenye daftari. Nina mwaka na miezi miwili Juba. Nafula, binti wa dada yangu, niliyemleta mimi mwenyewe kutoka Busia, ana miezi mitano tu. Leo mama wa chai wa hapo mbele amecheka naye mpaka akamwaga sukari. Sikujua wanacheka nini. Nikatabasamu kama mjinga.

Ni wivu. Nauandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumatano, 5 Februari

Mke wangu amepiga simu. Mchungaji wetu wa nyumbani, yule aliyetufungisha ndoa, ameingia Juba. Jumapili atahubiri kanisani kwetu, kwa Kiswahili, na waumini wa hapa husikia Kiarabu. Anasema mchungaji amefurahi sana kusikia kwamba mkalimani ni mimi.

Ndiyo, watu wa nyumbani niliwaambia hivyo. Niliwaambia pia kwamba majenerali wananigombania, nikiugua mikutano inaahirishwa. Sasa anakuja mtu mwenye macho.

Sijawahi kukalimani hata tangazo la harusi. Akirudi na ukweli, Busia nitaingia kwa mlango gani?

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Ladu wa kanisa amekuja karakana. Aliishi Uganda miaka mingi wakati wa vita, Kiswahili chake ni cha huko. Nikampangusia kiti. Nilijua amefuata nini.

"Kal Wanyama," akasema. Kal ndiyo mjomba hapa, wote wananiita hivyo kwa sababu ya Nafula. Hata jina nimelipata kwake. "Jumapili sisi iko nataka Nafula asimame na mgeni."

"Na mimi?"

"Wewe iko na viti. Viti yako mzuri sana."

Akacheka. Nikacheka.

Nafula hana hata daftari! Jioni anakaa kwa mama wa chai, anaosha vikombe na wale wanawake kwenye karai, basi. Mimi nasoma kwa taa mpaka macho yanauma.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia Nafula ibada imesogezwa hadi saa nane. Nimemwambia asubuhi aende Malakia, mjini, kuchukua kitambaa cha mahameli, kuna duka halifungwi Jumapili.

"Sawa, mjomba."

Angeuliza ingekuwa afadhali.

Jumapili, 9 Februari

Nilivaa suti ya ndoa. Kifungo kimoja kimekataa. Mzee Ladu akamtafuta Nafula kwa macho, nikamwambia amepata dharura, nitasimama mimi. Akanitazama. Hakuwa na mwingine.

Salamu zilipita vizuri. Kisha mchungaji akaanza habari ya kiti cha enzi cha Mungu. Kiti! Nikapata nguvu. Tatizo, Kiarabu changu chote ni cha dukani. Nikawaambia Mungu ana kiti, mbao ngumu, sponji nene, hakibonyei hata miaka mia. Halafu mdomo ukasema wenyewe, mazoea: "Akhir kalam!" Ndilo neno tunalomwambia mteja tukifika bei ya mwisho.

Kanisa likavunjika mbavu. Mchungaji akadhani wamebarikiwa, akaongeza sauti.

Halafu akageuza mahubiri. Akaanza kumtaja mama yake, aliyemzika Desemba. Jinsi alivyoshindwa kuomba kwa wiki tatu. Machozi yakamtoka. Akanisubiri.

Sikuwa na neno. Hata moja. Watu bado wanacheka, wanasubiri bei nyingine, na mtu mzima analia pembeni yangu. Jasho likapita suti.

Ndipo nikamwona Nafula mlangoni. Mahameli begani, vumbi mpaka kwenye kope. Macho yetu yakakutana. Alijua nimemdanganya. Nikasema moyoni, haya, sasa ataninyang'anya, na ni haki yake.

Akaja mbele. Akasimama nyuma ya bega langu, akaanza kuninong'oneza. Yeye maneno matatu, mimi maneno matatu kwa sauti. Kicheko kikafa. Kina mama wa mbele wakainamisha vichwa, mmoja akajifunika leso. Nilikuwa nasema vitu nisivyovijua, na watu wanalia kwa mdomo wangu.

Mwisho mchungaji akanikumbatia. "Wanyama, kumbe hazikuwa hadithi! Na hata msaidizi unaye!"

Nafula akaokota mahameli yake.

Namwonea wivu kuliko jana. Jana ilikuwa Kiarabu tu.

Jumanne, 11 Februari

Mchungaji aliondoka jana. Leo mke wangu kapiga, kijiji chote kimeambiwa. Akataka nimsimulie. Mimi, bingwa wa kusimulia! Nikasema ni Nafula aliyenipa maneno. Akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Mara ya kwanza nasema ukweli, na hakuna anayeuamini.

Nafula hajaniuliza habari ya saa nane. Kuomba msamaha najua kwa lugha tatu. Neno halijatoka hata kwa moja.

Jioni nimeacha daftari karakana. Nikaenda kwa mama wa chai, nikakaa kwenye kigoda kando ya karai. Wanawake wakasema kitu, wakacheka. Nafula akanisogezea vikombe. "Anza na hivi, mjomba."

Nimeosha vikombe. Maji ya uvuguvugu, majani ya chai chini. Nikamwomba arudie lile la mama kuzikwa, polepole. Akarudia. Nikalisema. Akanirekebisha.

Nikalisema tena.