Namba Mbili Ndani ya Biblia ya Vernell

Jumatatu, 6 Machi 2023
Saa nne nzima tena kwenye kiti cha kusafishia damu. Wenzangu husinzia, mimi sisinzii. Nimeendesha trekta la pamba miaka arobaini — mashine hii ni nini?
Daktari Renfroe kaja na barua. Binti mweusi kama mimi. Ati hesabu ya figo ilikuwa na kosa: ukiwa Mweusi, inakuongezea namba ya nguvu za figo. Nchi nzima. Nikataka kujua nani kanidhulumu. Akasema, "Hakuna wa kumkamata, Shemasi Tarpley. Hata mimi nilifundishwa hivyo, nikafaulu mtihani."

Jumatano, 8 Machi
Kiti kile kile. Sasa nimeelewa. Kuingia foleni ya kupewa figo, lazima namba yako ishuke hadi ishirini. Karatasi yangu ya 2017 ilikuwa na mbili. Kama si Mweusi, 18. Kama Mweusi, 22. Mimi nikashika 22! Nikaenda nayo kwa Cleotha kinyozi, nikawatangazia wateja wake figo zangu zinamshinda mzungu. Foleni nikaingia 2021.
Nikiileta karatasi ile narudishiwa miaka minne. Nitakuwa karibu na mlango. Nisipoileta, nabaki nilipo.
Hospitali yetu ilishafungwa, mafaili hayajulikani yaliko. Nikamwambia daktari atulie, Tarpley hapotezi karatasi. Kwetu kila karatasi ya maana hukaa ndani ya Biblia — vizazi, shamba, vifo.

Alhamisi, 9 Machi
Biblia haipo.
Nilimwekea mke wangu Vernell kifuani siku ya kumzika. Kwa mikono yangu hii. Watu wakasema, mume ndiye huyu. Sikutoa kitu ndani.

Jumapili, 12 Machi
Kanisani sikwenda. Miguu imevimba.
Binti yangu Earlene kaja na fomu ya kufukua kaburi. Mchungaji hana neno, inasubiriwa sahihi ya mume. Nikamwambia mama yake nilimwahidi hatasumbuliwa tena, na mimi neno langu halirudi, muulize yeyote.
"Baba," akasema, "Mama angeweza, angekwisha kuileta mwenyewe. Akuchape nayo kwanza."
Kweli. Vernell hakuwa na mchezo.
Sahihi yangu nzuri, hata benki waliisifu. Kesho Jumatatu, kiti. Fomu iko hapa mezani, Earlene kasimama na koti lake. Kalamu nyumbani humu ni moja. Nimemwambia asubiri, bado naandika