Salamu za Jumamosi Kutoka Kitwe

Lupepo, Tukuyu,
11 Aprili 1996.

Kwa mdogo wangu Ambindwile,

Ugonile. Kama umelala vizuri huko Kitwe sijui, maana ni miaka kumi na moja hujaniambia umelalaje. Mimi nimelala na nimeamka. Goti la kushoto linauma kila mvua ikitaka kunyesha, na hapa kwetu unajua mvua inataka kunyesha kila siku. Tulia mwanangu yuko Mbeya na watoto wake, Krismasi alileta sabuni na picha akarudi kesho yake. Ng'ombe amebaki mmoja. Migomba haijambo. Nawe nakuombea afya, ingawa hustahili kuombewa na mtu uliyemtupa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ule uliofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usicheke herufi. Ningeweza kumwomba mwalimu, lakini yaliyomo humu si ya mwalimu. Atakuletea Yussuph wa Ibighi, anayefuata mitumba huko Zambia. Ndiye aliyekuona. Ulimwambia asiseme, naye akakaa wiki tatu nzima bila kusema, mpaka nilipomkazia macho akatema. Anasema unashona viatu vya watu sokoni na unatembea kwa fimbo. Kumbe ndiyo sababu ya kunyamaza. Mjinga wewe. Nani alikuambia huku tunapokea wenye suti tu?

Sasa tulia unisikilize. Yako mambo humu utayashangaa, lakini usiruke mstari, nitafika.

Ile gramafoni uliyorudi nayo mwaka wa hamsini na saba bado ninayo. Springi ilikatika, nikaibeba kichwani mpaka Ibighi kwa fundi mmoja wa redio anaitwa Zuber. Akaitengeneza, hakutaka malipo, alitaka tu asikie zile santuri zako. Tangu siku hiyo kila Jumapili nikitoka kanisani napita kwake. Wako watu sita au saba wanaopenda nyimbo za zamani, wanakaa kwenye mabenchi pale kibarazani na kusikiliza kama wako kwenye ibada. Mmoja alikuwa dereva wa trekta kwenye chai, mwingine seremala. Wanabishana santuri moja mchana kutwa, huyu anasema magitaa ni mawili, yule anasema ni moja. Nikifika wananiuliza mimi, maana mimi nilizicheza zilipokuwa mpya. Wananiita Mama Santuri. Vijana wanapita na makaseti yao ya Dar wanasema tunasikiliza muziki wa marehemu. Nilimjibu mmoja kwamba muziki wake yeye hautangoja hata afe, Krismasi ijayo utakuwa umeoza. Wazee wakacheka mpaka Zuber akainua sindano.

Basi, saa mbili hizo za Jumapili mimi ni mtu. Halafu napanda mlima narudi, nafungua mlango, na hakuna wa kuniuliza nimechelewa wapi.

Pale kwa Zuber zinauzwa kadi za salamu. Unaandika jina lako na majina ya unaowasalimu, unataja wimbo, unaipeleka posta, na Jumamosi mchana redio inasoma. Mwaka juzi, Jumamosi moja, redio ikasema Ambindwile wa Kitwe anamsalimu dada yake Atuganile wa Lupepo, anasema hajamsahau, na anaomba ule wimbo ambao mwimbaji anapiga mluzi kabla ya kuimba. Jirani alikimbia na unga mikononi kuniuliza kama nimesikia. Baada ya hapo, karibu kila mwezi, Ambindwile wa Kitwe hakosi. Wanawake waliokuwa wanapita mlangoni kwangu kama wanapita kaburi wakaanza kuja Jumamosi na vigoda vyao. Mimi naweka betri kando ya moto tangu asubuhi zipate nguvu, nachemsha chai ya maziwa, tunasubiri. Mke wa Meshaki alisema kisimani kwamba yule bibi ana ndugu anayemjua. Nilisikia. Nilitembea wiki nzima shingo juu.

Sasa habari mbaya. Kaka yetu Asajile alifariki mwezi wa kumi na moja. Pole sana, mdogo wangu. Alikutaja. Hatukuwa na anwani yako, kwa hiyo kifo kilitangazwa redioni, na jina lako likasomwa pamoja na ndugu wote wanaoarifiwa popote walipo. Tukazika bila wewe. Watu walisema labda uko njiani. Wiki ya kwanza hukuja, ya pili hukuja. Halafu mwezi wa kwanza, Jumamosi, redio ikasema Ambindwile wa Kitwe anamsalimu dada yake na anaomba ule wimbo wake wa mluzi.

Wale wanawake walichukua vigoda vyao wakaondoka, chai wakaiacha kwenye vikombe.

Meshaki, mtoto wa marehemu, alisimama mbele ya ukoo akasema baba yake mdogo ana masikio ya nyimbo lakini hana masikio ya msiba. Redio ni hiyo hiyo moja, akasema, inayosoma salamu ndiyo inayosoma vifo. Zamani walikuwa wanasema labda umekufa, labda umefungwa, migomba yako pale mtoni isiguswe. Sasa wanasema u hai, u mzima, unatudharau. Wamepanga kikao Jumamosi ya tarehe ishirini, wampe Meshaki shamba lile ambalo baba alikupa kwa kinywa chake. Mimi nilikuwapo wakipanga. Nilitazama miguu yangu.

Ambindwile, kadi zile niliandika mimi. Zote. Nilizinunua kwa Zuber nikisema ni za Tulia, nikazitia posta hapa hapa Tukuyu, redio haiulizi stempu imetoka wapi. Ile ya kwanza nilitaka tu kusikia mtu ananitaja jina. Ile ya mwezi wa kwanza ndiyo inayonichoma. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu, wanapika, wanalala mpaka jikoni, halafu siku moja wote wakaenda. Nikaandika kadi. Sikufikiri kwamba nakuandikia hukumu.

Nimemwambia Zuber. Akanishauri ninyamaze, nikuite tu uje ujitetee. Nimekataa. Wewe hukufanya kosa la kujitetea. Tarehe ishirini nitasimama mimi, na kadi mbili zilizobaki nitakwenda nazo, niandike mbele yao waone mkono. Watanicheka. Mke wa Meshaki atapata la kusema kisimani mpaka mwakani, na Jumamosi sitachemsha chai ya mtu. Ni sawa. Shamba litabaki lako.

Yussuph anarudi mwisho wa mwezi, nimekwisha msemesha, ana nafasi kwenye gari. Njoo na fimbo yako hiyo hiyo. Usinunue kitu, usiazime koti. Kaburi la kaka liko juu kwa Asajile, utapelekwa, utalia, basi, yatakuwa yamekwisha. Na kama huwezi kuja, au hutaki, nitumie karatasi yenye jina lako tu, umeliandika wewe.

Msalimie mkeo kama unaye, na watoto kama Mungu alikupa. Zuber anakusalimu ingawa hakujui. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea,

Atuganile