Kamba Iliyofunguliwa Kibanjani

Koku mjukuu wangu,

Huku Nshamba tu wazima. Babu yako anakohoa, ila ubishi wake uko palepale.

Unasema jeni unayoisoma hutengeneza kimeng'enya kinachoziondolea protini alama ya kuvunjwa, zikapona. Unauliza kama kitu kidogo hivyo kinastahili ujana wako.

Nilipoolewa, mama mkwe alikuwa akifunga kamba kwenye machipukizi ya migomba yatakayong'olewa. Asubuhi moja, kabla vibarua wa kung'oa hawajafika, alirudi kibanjani kuyatazama tena, akafungua kamba moja.

"Hili nililihukumu kwa hasira," akaniambia.

Kung'oa ni kazi, Koku, na kurudi kutazama nako ni kazi. Chipukizi lile lilizaa, likaacha watoto, na ndizi zao ndizo ulizopikiwa ulipoachishwa ziwa.

Bibi yako