Vidole Vyangu Havisomeki

Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kinu cha Unga.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umekula, umelala na huna homa. Kile kikohozi chako kinaendeleaje? Usiniambie kimepona kama hakijapona, maana nakujua tangu ulipokuwa unajificha uvunguni mwa kitanda ili usinywe dawa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mgongo wa shemeji yako ndio uleule, anauketisha kwenye kiti asubuhi na kuulaza jioni, na katikati anasikiliza redio.

Samahani kwa mwandiko huu wa nyayo za kuku. Umezoea barua zetu ziandikwe na binti yangu, mpwa wako Daktari, kwa zile herufi zake zilizosimama wima. Leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu habari inamhusu yeye, na nikimpa aiandike ataipamba mpaka ionekane njema. Sasa hivi yuko nje anaanika. Nina nafasi kidogo.

Ile nyumba ya wageni ya barabara kuu, ambayo nimeifulia mashuka kwa mikono miaka kumi na mmoja, imepata meneja mpya. Alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu, akasimama mbali na povu kwa ajili ya viatu vyake, akayatazama mabeseni yangu saba na kamba zangu. Akasema mashuka ni meupe, hana lawama, ila wageni wa siku hizi wanataka yafuliwe kwa mashine na kukaushwa kwa mashine, mvua inyeshe isinyeshe. Akanipa miezi mitatu. Nisipokuwa na mashine, kazi inakwenda kwa kampuni. Nawe unajua kazi hiyo ndiyo kodi ya chumba, ndiyo dawa za mgongo, na ndiyo nauli na vitabu vya Daktari kwenda chuo cha uuguzi. Ile siku barua ya chuo ilipofika tulipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Basi nikaenda benki. Nilivaa gauni langu la bluu, nikapaka mafuta miguuni. Karani akaniuliza hati ya nyumba, sina. Akaniuliza hati ya mshahara. Nani wa kunilipa mshahara, beseni? Akaniuliza anwani, nikamwambia mlango wa kijani, nyuma ya kinu cha unga. Hapo akaacha kuandika. Nilikaa naitazama kola ya shati lake, ilikuwa na utepe wa jasho ambao ndimu na jua vingeutoa kwa siku moja. Nikatoka pale nikiwa nimejua jambo moja tu, kwamba anayemfulia hajui kazi. Benki ya pili walikuwa na haraka zaidi, hawakunipa hata kiti.

Daktari ndiye aliyesema benki si za watu kama sisi, kwa hiyo tutafute wanaokopesha watu kama sisi. Akachukua daftari, akazunguka mtaa kwa mtaa kama mtu wa sensa. Yupo yule bwana wa duka la simu, anayekupa asubuhi huku anacheka, na baada ya mwezi anakuja na mkokoteni kuchukua kitanda. Upo ushirika wa walimu, ni wa walimu. Upo wa madereva, ni wa madereva. Ilionekana kila mnyonge ana chama chake isipokuwa mfua nguo. Alipokaribia kukata tamaa akaupata mfuko mmoja wa akina mama. Unakopesha wanawake watano watano wa mtaa mmoja, bila hati, bila mshahara. Dhamana ni nyinyi kwa nyinyi, mmoja akianguka wanne wanambeba.

Tukapata kikundi. Mwenyekiti ni muuza mkaa, mwanamke wa miraba minne, akicheka kuta zinasikia. Wengine ni msusi, mshonaji na muuza vyombo vya plastiki. Nilidhani watanihoji. Muuza mkaa akasema, "Mama Povu, wewe ukisema nguo zitakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa ziko tayari. Dhamana gani tena tunataka?" Mdogo wangu, nimekula chumvi nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi mwenyewe ni dhamana. Nilirudi nyumbani naimba. Shemeji yako akapunguza redio asikilize.

Kikabaki kidole. Mfuko ule uliwahi kuibiwa na watu waliokopa kwa majina matatu matatu, kwa hiyo siku hizi kila mwanachama anaandikishwa kwa alama za vidole, na kila Jumanne mkutanoni anabonyeza kidole kuonyesha kwamba amekuja. Afisa wao, binti mmoja mpole, anakuja na kimashine chenye mwanga wa kijani. Muuza mkaa akaweka kidole chake kilichojaa vumbi la mkaa, kikalia kama kifaranga. Msusi, kikalia. Mimi nikaweka changu. Kimya. Afisa akakifuta kwa kitambaa, kimya. Tukajaribu vyote kumi. Akanishika mikono, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo maana. Mistari haipo. Sabuni imeila."

Miaka thelathini nafua, na sikuwahi kuangalia. Mvi niliziona zikija, magaga niliyaona, lakini kwamba nimefutika vidoleni, hilo niliambiwa na mgeni mbele za watu. Nilimkumbuka marehemu baba. Unakumbuka alivyokuwa akimwita mtu amwandikie barua, kisha mwishoni anachovya dole gumba kwenye wino na kubonyeza kwa nguvu, ulimi nje? Tulikuwa tunamcheka kwamba hajui kusoma. Lakini dole lile lilisomeka. Najua ile barua yake ya mwisho unayo mpaka leo.

Afisa akanishauri nipumzishe mikono wiki tatu, nisiguse sabuni, nipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni, huenda mistari ikarudi. Wiki tatu ndizo zilizobaki kabla ya wao kufunga orodha ya mwaka. Shemeji yako akanyoosha mikono yake akasema, "Chukua vyangu, havijawahi kuonana na sabuni." Tulicheka sana. Lakini mfuko ni wa wanawake, kwa hiyo hata siku uvivu wake ulipotaka kutufaa haukuweza.

Na nani afue? Daktari. Alisema ni wiki tatu tu, chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Mtoto yule sikuwahi kumwachia afue hata leso. Nilikuwa namfukuza kwenye beseni, namwambia mikono yako ni ya kushika sindano, nenda kasome. Sasa nimekaa kwenye kigoda, mikono imefungwa mifuko ya nailoni, namwelekeza: sugua pindo kwanza, suuza mara tatu, usikamue kama unanyonga kuku. Ile saa ya kubana kifuani uliyomtumia, ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa, akaitundika kwenye kamba, akawa anahesabia dakika za kuloweka. Nilimwambia aitoe isilowe. Akasema inamsaidia.

Jumanne ya mwisho tulikwenda wote wawili. Vidole vyangu vilikuwa laini kama vya mama wa nyumba kubwa. Kimashine kikasoma kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, basi. Wao wanataka dole gumba na cha shahada. Yule binti alijaribu mpaka jasho likamtoka. Hana kosa, mashine haimruhusu kuendelea bila alama. Akatoka nje kuwapigia simu wakubwa wake, akarudi anaangalia chini.

Wale wanawake wanne walikuwa wananingoja, maana bila wa tano hata wao hawapati kitu. Msusi alikuwa ameshaagiza kiti cha saluni. Hakuna aliyeninung'unikia, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana. Muuza mkaa akasema taratibu, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Sijui alikuwa ananifariji au anajisemea tu.

Hapo Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya afisa.

Nikamwambia, "Wewe, toka hapo."

"Mama, ni kidole tu."

"Si kidole, ni miaka miwili!"

Maana sheria ndiyo hiyo. Anayeandikishwa ndiye anayefanya kazi, na ndiye anayekuja kila Jumanne na kidole chake, miaka miwili mizima. Chuo ni safari ya siku nzima kutoka hapa, na wanafunzi wanalala hukohuko. Nikamshika mkono nimtoe. Mikono yangu ilikuwa bado na yale mafuta, ikateleza. Akabonyeza. Kimashine kikalia mara moja. Wanawake wakapiga makofi. Nami nikapiga, huku machozi yananitoka, wakadhani ni furaha.

Mashine imekuja. Iko hapa uani chini ya bati, inanguruma mpaka redio ya shemeji yako haisikiki. Meneja ameridhika, majirani wananipongeza. Wananiuliza mbona Mama Povu huna raha, Mungu akupe nini tena? Ile nafasi ya chuo ilikuwa ya kulipiwa ada, na haingoji mtu. Wameshampa mwingine, na wameandika kwamba haitolewi mara mbili kwa mtu mmoja. Daktari anasema, "Mama, chuo hakina miguu, hakiendi popote." Ni kweli chuo hakina miguu. Nafasi ndiyo iliyo na miguu, na ya kulipa wenyewe hatutaiweza hata tufue mashuka ya dunia nzima.

Nilidhani angalau mashine itamwokoa na sabuni. Lakini mashine haitoi madoa ya damu wala ya mafuta, na kola haizijui. Hayo bado ni ya mikono, na mikono ni yake, kwa sababu yangu imeanza kufa ganzi na beseni naliona mbali. Analoweka alfajiri, anasugua mpaka saa nne. Halalamiki. Laiti angelalamika ningepata pa kumshika.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni damu yangu: mimi sioni mwanga. Watu husema baada ya dhiki faraja, na mimi nimewaambia wengine hivyo misibani. Nilifua miaka thelathini ili mtu mmoja tu katika nyumba hii asifue. Mmoja. Na mkono uliomweka kwenye beseni ni huu wangu, kwa kuwa haukuweza kusema mimi ni nani.

Sikuandikii ili utume kitu. Najua kiwanda chenu kimepunguza watu nawe umo, na kwa ulivyo mjuba usingesema kama wifi asingeniandikia. Usithubutu kwenda kukopa huko kwa ajili yetu. Ombi langu ni dogo: ukimwandikia mpwa wako, usimwite tena Daktari. Naona nimelitumia jina hilo barua nzima, mazoea yana taabu, ila humu ndani tumeliacha. Juzi shemeji yako lilimponyoka. Mtoto akaitika kama kawaida, "Abee baba," kisha akabeba ndoo akaenda kwenye kamba, akakaa huko muda mrefu na nguo zilikuwa chache.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asikasirike nimemtaja. Wabusu mapacha, nasikia wanaanza kusoma. Wasome. Shemeji yako anakusalimu na anasema ukipata betri za redio umkumbuke. Muuza mkaa naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akuweke, akufungulie mlango mwingine wa riziki, na akurudishe tuonane kabla macho hayajafuata vidole.

Usidhani kalamu imevuja hapo chini. Nimefanya kama baba, nimechovya dole gumba kwenye wino. Doa la kushoto, lisilo na kitu ndani, ni mimi. La kulia ni la mpwa wako. Ameingia sasa hivi kutafuta vibanio, nikamwambia bonyeza hapa, ni salamu kwa mjomba, akabonyeza na kucheka kidogo. Lisogeze karibu na taa ulitazame. Ukingoni limeanza kufifia, lakini katikati mistari yote bado ipo, imezunguka vizuri. Iweke barua hii mahali pakavu, pamoja na ile ya baba. Siku mashine itakapomkataa naye, watakapomuuliza kama ana alama yoyote, waambie kwamba unayo.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mama Povu