Sinia Lililofunikwa Kitambaa Cheupe

Kingsbury, London
Jumatano, Aprili 2003

Mdogo wangu Afra,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila nikiziona ngazi, na nyumba hii wameijaza ngazi utadhani humu kila mtu ana miaka kumi. Wewe je? Wale kuku wamebaki wangapi? Bomba la maji walirudi kulitengeneza? Na jicho, Afra, jicho linaendeleaje? Hilo ndilo ninalolitaka, hayo mengine nimeuliza kwa adabu tu.

Barua yako Amir ameniletea aliporudi kutoka huko. Unauliza hela ya dawa ya matone mbona miezi mitatu sasa haijafika, na unasema unamshuku mpwa wa mzee Msabaha, yule anayechukua mizigo ya watu, kwamba anaila njiani. Usimseme mtoto wa watu. Hakuila. Na mwanangu Ziyad hajakusahau. Jawabu ninalo, lakini refu, na wewe unanijua, nikianzia katikati napotea. Basi mwambie huyo anayekusomea anywe chai yake kwanza.

Anayeniandikia ni Ghalia, mke wa Ziyad, kama siku zote. Wajukuu Kiswahili wanakisikia, lakini wakamatishe kalamu uone, watakujibu Kiingereza na kukimbilia juu. Ghalia nimemwambia, leo andika kila neno litakalonitoka, hata likikuuma. Amecheka. Andika kuwa umecheka.

Sasa. Mwaka jana mwezi wa kumi, kabla ya Ramadhani, kwenye ukumbi wa chama chetu alikuja mama mmoja Mjamaika, Ann jina lake, mnene kama mimi na sauti yake tamu. Ziyad akawa anatutafsiria. Ann alisema pauni ya mtu mweusi hapa London asubuhi anaipata, jioni ishakwenda kwa wenye maduka yao, hairudi tena. Akasema tununue kwa weusi wenzetu, pauni izunguke humu humu kwetu, impe huyu kazi, imlishe yule. Akagawa vikaratasi vina majina ya maduka.

Mimi mtu akianza kunambia hela yangu niipeleke wapi, namtazama mfuko wake. Halafu huyo mweusi mwenzangu ni nani? Kwenye fomu ya kaunsili, serikali ya mtaa, Ziyad ananitilia tiki kwenye "wengineo". Mzee Msabaha naye akainuka na bakora yake, akauliza, na Lila je? Watu wakacheka. Maana Lila ni Muhindi, ana duka Kingsbury Road mwaka wa ishirini na saba huu, lakini mzaliwa wa Chake, na ukimkorofisha anakutukana Kipemba kile cha bibi yetu. Mimi nilipofika hapa mwezi wa Januari na kanga na viatu vya wazi, Lila ndiye aliyevua shali lake akanifunga shingoni, hata jina hajaniuliza. Ann akasema Lila msimwache, ila mtizameni na jirani yake, Sidonie.

Huyo Sidonie ni Mkongo wa Bukavu, Mkristo, mjane. Alifungua duka kiangazi kilichopita, ng'ambo ya pili kutoka kwa Lila, pale alipokuwa fundi viatu. Anauza unga wa muhogo, mawese, ndizi, samaki wakavu. Nikaenda nimwone. Akanipokea kwa Kiswahili chao, "Karibu mama, hii duka ni ya kwetu sisi wote." Nikajiuliza, ya kwetu sote, mbona droo ya hela anaifunga yeye peke yake na ufunguo kaufunga kiunoni? Nikanunua ndizi tatu, nikasimama kuzikagua taratibu, huku jicho liko nyuma ya duka.

Maana nyuma ya duka palikuwa na pazia jekundu. Na nilipokuwa pale, wanawake wawili waliingia, mmoja Msomali, mmoja wetu, wamebeba kitu kimefunikwa. Hawakununua kitu. Wamepita moja kwa moja nyuma ya pazia. Nikasikia kitu kinalia tss, tss, na harufu ya kuungua ikatoka. Kisha wakatoka mikono mitupu, hawakunitazama usoni.

Nikarudi tena wiki ile, na wiki ya pili. Ziyad akanichokoza, akasema mama, Ann kakupata, umekuwa mteja. Nikamwachia ajue hivyo. Ndizi zikatuozea jikoni.

Siku moja alasiri nimekaa dirishani, namwona Ghalia anatoka kwa mlango wa nyuma. Mke wa mwanangu, Afra. Kabeba sinia langu la shaba, lile nililokuja nalo, kalifunika kitambaa cheupe. Nikavaa koti, nikamfuata kwa mbali, nimejishika ukuta. Akaingia kwa Sidonie. Akatoka, sinia kalibana kwapani, tupu.

Sasa niambie wewe. Umekulia Mtambwe na mimi. Sinia lenye kitambaa cheupe, alasiri, harufu ya vitu vitamu, pazia jekundu, moshi, wanawake hawataki kuonekana. Si chano hicho? Si ndivyo alivyokuwa akipelekewa yule mganga mwenye jicho moja, visheti na mayai na marashi, ili mashetani wale washibe? Mimi sikufikiri mara mbili. Nikasema Mkongo huyu kaweka kilinge cha uganga, na duka ni la kuzugia watu. Na mke wa mwanangu anapeleka chano, anataka nini? Anataka kumfunga mwanangu? Anataka mimi nitoke nyumbani? Nikaanza kukagua chai kabla sijainywa. Nikatia chumvi chini ya mto. Ghalia, usisimame, andika, chumvi unaijua maana wewe ndiye uliyeifagia.

Basi baada ya Iddi, mwezi wa kwanza, palikuwa na khitma kwenye ukumbi. Na baada ya khitma ile, mtaani pakaanza kusemwa kwamba nyuma ya duka la Sidonie panafanywa mambo. Neno lile lilikwenda mpaka Harrow, likarudi na mikia. Wakasema mawese yake yamesomewa. Wakasema kapigwa picha na fuvu. Waislamu wakaacha kwenda, na Wakongo wenzake wa kanisani nao wakaogopa zaidi yetu. Ukipita na basi la 183 unamwona Sidonie kasimama mlangoni na aproni yake, anamwamkia kila mtu, na watu wanavuka barabara.

Mwezi wa pili ndipo Ghalia akanililia humu jikoni, na mimi nikasikia nisiyoyatarajia. Ziyad hana kazi. Kile kiwanda cha mikate kilifungwa tangu mwezi wa saba mwaka jana. Kila asubuhi anavaa koti na kutoka ili nisijue, anazunguka kutafuta. Nyumba ilikuwa inakula kwa mkono wa Ghalia. Sinia lile lilikuwa na visheti, Afra. Visheti tu, na siku nyingine kachori. Mimi niliwahi kusema, na kweli nilisema, mke wa mwanangu hauzi chakula kama mchuuzi, mimi nikiwa hai humu ndani. Kwa hiyo alifunika, akapita mlango wa nyuma.

Wenzake hivyo hivyo, kila mmoja na mkwe wake au mumewe wa kumkimbia. Wanawake tisa. Sidonie alikuwa anawapimia kwenye mzani, anatia kwenye mifuko, na kile kinacholia tss ni mashine ya kuunguzia mdomo wa plastiki ifungike. Pazia aliliweka kuwasitiri wao. Vitu vyao vilikwenda mbali, ofisi za mjini, harusi, mpaka nyumba ya wazee ya Stanmore. Ramadhani walipika usiku na mchana. Sidonie alichukua sehemu yake ndogo, na unga na sukari akinunua kwa Lila, magunia kwa magunia, maana Lila alimpa bei nzuri. Kwa hiyo Lila naye alikula.

Na hela ya dawa yako, Afra, tangu mwezi wa saba si Ziyad aliyekuwa akiileta. Ni visheti vile. Ile pauni ya Ann niliyoicheka ilikuwa inazunguka kweli, ikitoka kwa Mzungu wa ofisini inapita kwa Sidonie, inapita kwa Ghalia, mpaka jichoni mwako.

Sasa ya Lila. Sidonie na kina Ghalia walitafuta nani katoa neno lile, wakaona hapana mwingine, ni Lila, kaona duka jipya linapata watu. Sidonie alimvukia barabara akamwambia mbele ya wateja. Tangu hapo hawasemeshani, na unga Sidonie hanunui kwake tena. Lila akaja kwangu, kaleta ladu kwenye bakuli, akakaa hapo ulipokaa wewe mwaka ule ulipokuja. Hakulia. Akasema, "Mwanabaraka, wewe unanijua tangu sabini na sita. Mimi naweza kusema neno hilo?"

Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia chai inapoa.

Afra, si Lila. Ni mimi. Siku ya khitma, jikoni kwenye ukumbi, tunachambua mchele, niliwaambia wanawake nilichokiona. Nilinong'ona, na wewe unaujua mnong'ono wangu. Sikumtaja Ghalia, nilisema wake za watu, nikailinda nyumba yangu. Nikaiona heshima kubwa, wote wameacha mchele wananisikiliza. Ni mimi niliyelifunga duka la Sidonie, na ni mimi niliyelikata tone la dawa yako.

Hapa Ghalia ameweka kalamu chini. Ameingia jikoni, nimesikia mfereji unafunguliwa na hakuna anachoosha. Amerudi, amekaa, amesema, "Endelea, mama." Nimemwambia aandike na hilo la mfereji.

Sidonie anarudisha ufunguo wa duka mwisho wa mwezi huu. Keshokutwa Ijumaa wanawake wanakusanyika ukumbini. Nitasimama mbele yao, niseme kwa sauti niliyosemea siku ile, lakini safari hii bila ya kunong'ona. Kisha nitabeba sinia langu lina visheti, wazi, halina kitambaa, niende nalo kwa miguu mpaka Kingsbury Road, hilo basi la 183 wapande wao. Kwanza nitaingia kwa Lila. Yeye ndiye namwogopa zaidi. Kisha nitavuka kwa Sidonie, nipite nyuma ya pazia kila mtu akinitazama. Kama watanifuata kununua sijui. Neno lilitoka upesi, kurudi sijui litarudi vipi.

Hela ya dawa ya miezi miwili anakuja nayo Amir. Nimeuza bangili moja ya harusi, usiulize. Tia matone asubuhi na usiku, usibane matumizi, usimpe jirani. Nisalimie wote waliosalia, na kwa mama kaburini nisomee, umwambie mwanawe bado anasema sana.

Ni mimi dada yako Mwanabaraka, na dole gumba langu hili hapa.

Mama mdogo, ni mimi Ghalia, mwandishi, nakuamkia shikamoo. Nimeandika yote kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Unga wa visheti vya Ijumaa nimeshaununua, kwa Lila. Sinia atalibeba yeye mwenyewe. Mimi nitamshikia upande mmoja kwenye ngazi tu.