Draiva za Laptopu na Nyumba ya Mama Nyawira

Gatitu, Nyeri
Jumanne asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifunga blanketi kiunoni, maana Julai ya huku jua halijui njia. Hii ni wiki ya pili hatujauona Mlima Kenya. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Goti la Mama linaendeleaje? Na masikio yako, yale matone ya zahanati yamesaidia? Kama bado, usisumbuke na simu. Tutaendelea na karatasi, na mwandiko wangu ukikuchosha Mama akumalizie.

Uliniuliza kama laptopu niliyonunua inafaa kazi. Ningependa kukujibu ndiyo au la, lakini hata mimi sielewi. Ngoja nikueleze yaliyonipata, labda nikiandika yatanyooka.

Niliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa akiitumia kuchezea gemu. Programu zangu za kuchora nyumba, zile zinazomwezesha mteja kutembea ndani ya picha kabla msingi haujachimbwa, zinataka nguvu kama gemu. Mashine hii ina kadi mbili za picha. Ndogo hufanya kazi nyepesi bila kumaliza betri. Kubwa huamka kukiwa na kazi nzito. Zinapokezana zenyewe. Kila kadi ina programu ya kuiongoza, inaitwa draiva, na bila draiva inayoifaa, kadi ni kama haipo.

Sasa, kuna mama mmoja wa Wamagana, Mama Nyawira, mjane, anaishi katika nyumba ya mbao inayovuja. Wanawe wawili walikubali kumjengea ya mawe, kisha wakakosana. Gichuki, mkubwa, analima chai hapo nyumbani. Alitaka nyumba iangalie barabara. Mureithi, mdogo, anafanya kazi kwenye kinu cha mchele Wang'uru. Alitaka iangalie mlima. Tangu Pasaka walikuwa hawasalimiani. Mama yao aliwasihi hadi wakakubali kukaa pamoja Jumamosi, siku moja tu, waione picha niliyowachorea na waamue. Mureithi aliniambia wazi, "Hiyo siku ikipita, mimi sirudi tena kwa hiyo maneno."

Alhamisi, programu ikaniandikia kwamba draiva yangu imezeeka, niibadilishe. Nikaingia mtandaoni. Kampuni iliyotengeneza laptopu ina draiva yake, ya zamani. Waliotengeneza kadi ndogo wana yao, mpya. Wa kadi kubwa wana yao, mpya zaidi, ila unatakiwa kutaja namba ya kadi, na kibandiko chenye namba kilikuwa kimefutika. Nikasoma ushauri wa watu. Mmoja anaapa kwamba mpya ndiyo dawa, wa pili anasema mpya ndiyo iliyomuulia mashine, na wa tatu anawatukana wote wawili.

Nikamuuliza fundi wa kompyuta mjini. Akacheka. "Hiyo ni kitu kidogo, madam. Weka ile mpya kabisa. Kitu mpya haiwezi kuwa mbaya."

Nikampigia Mutahi, ninayeshiriki naye ofisi, aliyekuwa Nanyuki akipima shamba. Yeye akasema, "Weka ya kampuni ya laptopu, hata kama ni mzee. Hizo kadi mbili zinategemeana. Ukibadilisha moja vibaya, zote zinakosana."

Mama mwenye nyumba ninayopanga alinisikia nikilalamika uani. "Ati unatafuta draiva? Si ungeniambia! Mtoto wa dada yangu anaendesha lori ya mawe, na hanywangi pombe."

Baba, nilicheka hadi machozi yakanitoka, lakini hayakuwa ya kicheko tu.

Mwishowe nikafuata ushauri wa fundi, kwa kuwa yeye alikuwa karibu, naye Mutahi alikuwa mbali. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine. Ijumaa asubuhi nikabahatisha namba ya kadi, nikaweka ile mpya kabisa. Kioo kikazimika. Feni ilikuwa inazunguka, taa za vitufe zinawaka, lakini kioo cheusi kama sufuria ya githeri. Nikampigia Mutahi tena.

Mutahi aliniongoza kwa simu saa nzima: iwashe kwa njia ya dharura, ondoa draiva zote, rudisha kwanza ya kadi ndogo. Picha ikarudi. Kadi kubwa ikatoweka. Mashine iliapa kwamba haijawahi kuwa nayo.

Basi Jumamosi nikaenda Wamagana na kadi ndogo peke yake. Nilimweleza Mama Nyawira mlangoni kwamba picha itakwenda polepole. Akanishika mkono, "Hata mimi naenda polepole, ingia."

Ndugu walikaa kila mmoja ncha yake ya benchi. Nikaanza kuwatembeza ndani ya nyumba. Picha inasogea hatua moja, inaganda, inaruka, inaganda tena. Gichuki akaguna. "Ndiyo hii tumengojea? Inasimama simama kama ng'ombe mgonjwa."

Mureithi naye akachukua kofia yake. Nikajua imekwisha.

"Muache," Mama Nyawira akasema. Alikuwa amesogeza kigoda mpaka pua inakaribia kioo. "Ikisimama ndiyo mimi naona. Hapo ilipo, hiyo ni mlango ya jikoni?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na inaangalia huko juu kwa chai? Maji yote ya mvua itaingia kwa sufuria zangu. Kwani mmesahau mtaro ya baba yenu?"

Mureithi akaiweka kofia yake chini. Kisha akasema, bila kumtazama mwenzake, "Ilikuwa karibu na ule mparachichi."

"Apana," Gichuki akajibu. "Ilikuwa chini yake. Mimi nilikuwa na jembe, wewe ulikuwa unabeba udongo na ukilia."

"Nililia kwa sababu ulinikanyaga!"

Wakatoka nje wakibishana. Nilipowafuata walikuwa wamepiga magoti kwenye nyasi, wanafukua kwa mikono, na mtaro ulikuwepo. Walikubaliana hapo hapo: nyumba haitaangalia barabara wala mlima, itageuzwa vile maji yanavyotaka. Mama yao alisimama akijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

Jana niliweka draiva ya zamani, ya kampuni ya laptopu. Kadi kubwa imerudi, lakini programu yangu bado inatumia ndogo, na Mutahi anasema lazima niiambie kila programu itumie kadi gani. Nilidhani zinapokezana zenyewe! Sielewi, Baba.

Kuna jambo moja zaidi, nimelizungukazunguka kama mwizi. Ndugu hao wamenitaka nisimamie ujenzi, kwa maana kila mmoja anamwogopa mwenzake ila wote wananisikiliza mimi. Msingi unachimbwa wiki ijayo. Nimekubali. Kwa hiyo Agosti sitakuja nyumbani kama nilivyoahidi.

Msalimie Mama, na shangazi anayetuchungia mbuzi, na kaka Mwakio na mkewe, na jirani yetu mwalimu wa kwaya. Bibi mwambie namwombea.

Niandikie. Unikasirikie kidogo, halafu unisamehe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Binti yako,
Wakesho