Kusema na Asiyesikia

Alhamisi, 8 Agosti 1957

Jana tumemzika mke wangu, Mwanatumu.

Watu walikuwa wengi. Mwalimu Chirau alikaa kichwani pa kaburi akamsomea talkini, akimkumbusha ajibu nini malaika wakimwuliza Mola wake ni nani. Katikati ya maneno, mwanetu Iddi akainuka. Akajipangusa mchanga magotini, akaenda zake. Mbele za watu!

Nyumbani nilimwuliza. Akasema, Baba, Mama hakusikia hata ngoma za harusi yangu, leo atasikia chini ya udongo?

Ni kweli. Homa ndiyo iliyomwondolea masikio, Iddi akiwa bado ananyonya. Sauti ya mwanawe akisema hakuijua kamwe.

Jumapili, 11 Agosti

Iddi amerudi Ramisi, karahana ya sukari. Ni fundi wa mitambo huko kiwandani. Kabla ya kuondoka alisema kwenye arobaini tusimhesabu. Eti dini ilikuwa ya watu wasiojua mvua yatoka wapi. Siku hizi kuna sindano, kuna injini.

Dada yangu Esha alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na lile lori lililokufa hapo mlangoni mwaka jana? Nilikusikia, mwanangu. Ukilibembeleza, ukilitukana, ukilibembeleza tena! Lina masikio, lile?"

Iddi akacheka. Cheko la kwanza tangu msiba.

"Hata hivyo siji, shangazi."

"Haya, usije. Pilau tutaila wenyewe."

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya swala nilibaki msikitini. Nikajiuliza — na mimi je? Naamini kwamba alisikia? Hapa hapasomi mtu, basi niseme kweli. Sijui.

Nilimwuliza Mwalimu Chirau. Nilidhani atanifungulia kitabu. Akavuta tasbihi yake kidogo, akasema, "Mimi nimefundishwa kusoma, ndugu yangu. Kumsikizisha ni kwake Yeye."

Nikarudi na hilo. Si haba.

Jumatano, 28 Agosti

Nilikuwa nikishona kanzu ya mtu, uzi ukakatika, nikageuka nimwambie Mwanatumu. Nimepanua mdomo kabisa, bila sauti! Kiti kitupu.

Ndivyo tulivyokuwa tukisema naye. Kwanza unamgonga kidogo mkononi, mara mbili, ili akutazame. Kisha maneno ya midomo, makubwa, polepole. Sauti ya nini? Iddi alijifunza hivyo kabla ya kusema kama watoto wenzake. Majirani walidhani ni bubu. Siku moja alianguka mpapaini akalia kimya kimya — mdomo wazi, machozi tele, macho kwa mamake tu. Naye alikuwa amekwisha kufika.

Nataka mwanangu aje arobaini. Nataka sana. Lakini mtu mzima humlazimishi kumwombea mamake. Ombi la kulazimishwa ni kama kanzu ya kuazima, mwili haukubali.

Jumamosi, 14 Septemba

Kesho arobaini. Mbuzi amepatikana. Iddi kimya. Esha asema niache kuchungulia barabarani, shingo itanikatika, na yeye msiba wa pili hauwezi.

Jumapili, 15 Septemba

Hitma imesomwa. Watu wamekula, wametoa mkono, wamekwenda. Iddi hakuja.

Alasiri nikachukua birika la maji nikaenda makaburini peke yangu. Nikasimama kwenye mwanya wa ukuta.

Alikuwapo. Nguo za kazi, mafuta hadi viwikoni. Amepiga magoti. Nikamwona anaugonga udongo kwa vidole, mara mbili. Akangoja. Kisha akafungua mdomo — mkubwa, polepole, bila sauti.

Pale niliposimama midomo yake niliiona vizuri. Ningeweza kusoma kila neno. Niligeuza uso.

Birika nimeliacha hapo ukutani, atalikuta.

Sasa niko barazani. Sahani yake nimeifunika kawa. Magharibi imeadhiniwa na njia ya makaburini bado tupu. Esha ametoka mara mbili. Auliza, huyo mtoto hajamaliza tu?

Bado, nimemwambia. Ana mengi.